TANI ZILIHESABIWA, WATU JE?



Mwaka 1919, vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, Idara ya Manowari ya Uingereza ilipiga chapa kitabu cha khasara za baharini. Humo kila chombo cha Waingereza kilichozamishwa na adui tangu Agosti 1914 kimepewa mstari wake: siku, jina la chombo, uzito wake kwa tani, mahali kilipozama, na namna kilivyozamishwa. Mwisho wa mstari iko tarakimu moja ndogo, nayo ni idadi ya roho zilizopotea. Ukifika penye hesabu ya vyombo vya wavuvi utakuta jumla yake imeandikwa wazi: vyombo 675, tani 71,765, watu 434. Tani zimehesabiwa bila ya kuachwa hata moja. Majina ya wale watu 434 hayamo.

Hatusemi kwamba karani aliyekiandika kitabu kile alikuwa mtu mwovu. Karani hufanya alilotumwa. Lakini kwa lile alilotumwa twaweza kumjua aliyemtuma, na kitu alichokithamini. Chuma kina bei, na mwenye chuma hudai fidia. Kwa hiyo chuma kiliandikwa. Mvuvi hakuwa na wa kumdai ila mkewe na wanawe.

Neno letu leo ni moja, nasi tutalisema bila ya kuzungukazunguka. Dola iliyochukua stima za wavuvi na wavuvi wenyewe, ikawapeleka penye khatari, ndiyo iliyopaswa kubeba kazi ya kutafuta khabari za waliopotea. Kazi hiyo haikuibeba ipasavyo. Iliwaachia wajane, kisha wana, kisha wajukuu, na watu wa kujitolea wasiolipwa hata senti. Na mpaka hivi leo aliyefiwa ndiye anayeambiwa: lete ushahidi.

WAVUVI GANI HAWA?

Msomaji asidhani tunasema habari za ngalawa na mashua. Stima hizi ni vyombo vya chuma vyenye tanuri la makaa, vilivyokuwa vikitoka Hull, Grimsby, Fleetwood, Lowestoft na Aberdeen, kwenda kuvua Bahari ya Kaskazini, na nyingine kufika mpaka Iceland na kwenye barafu ya kaskazini ya Norway. Kila stima hukokota juya kubwa mfano wa mfuko, linalofagia chini kabisa ya bahari, na juya hilo huvutwa kwa waya nene na mashine yenye nguvu.

Ni waya ule na mashine ile zilizowavutia mabwana wa manowari. Chombo kilichozoea kukokota juya chafaa pia kukokota waya wa kukatia minyororo ya mabomu yaliyotegwa baharini. Kwa sababu hiyo mwaka 1910, miaka minne kabla ya vita, Uingereza iliunda kikosi cha akiba cha stima za kuvulia, na manahodha wa uvuvi wakaandikishwa. Vita vilipoanza, zaidi ya stima elfu moja zilitwaliwa. Stima mbili zikienda sambamba na waya kati yao, mnyororo wa bomu hukatika, bomu likaelea juu, likapigwa risasi. Huo ndio mwendo wa kazi siku ya salama. Siku isiyokuwa ya salama, bomu hugusa ubavu wa stima yenyewe, na chombo kidogo namna ile hushuka chini kabla baharia aliyelala hajafika ngazini.

Wale waliobaki katika uvuvi hawakuwa salama kuliko wenzao. Walivua bahari ile ile, wakikokota juya mahali ambapo maadui wawili walikuwa wametega mabomu kwa maelfu. Mwezi wa Agosti 1914, vita havijatimiza mwezi mmoja, manowari za Kijerumani zilizamisha stima nyingi za Boston na Grimsby, na mabaharia wao wakachukuliwa mateka. Wengi walifungwa katika kambi ya Ruhleben, karibu na Berlin, mpaka mwisho wa vita. Hao angalau watu wao walijua wako wapi.

Vita vya pili vilipokuja mwaka 1939, mchezo ulirudiwa kwa ukubwa zaidi. Makao ya kikosi cha stima hizi yaliwekwa Lowestoft, katika bustani iliyokuwa ya starehe na michezo ya kuigiza. Watu wa manowari kubwa waliwafanyia mzaha, wakawaita jeshi la Harry Tate, kwa jina la mchekeshaji mmoja wa zamani. Mzaha huo haukuwazuia kupelekwa kila palipokuwa pabaya: Norway, Dunkirk, Malta, njia ya Urusi, na pwani ya Marekani. Leo katika bustani ile ile ya Lowestoft iko nguzo ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 1953, nayo ina majina 2,385 ya watu wa kikosi hicho wasiokuwa na kaburi isipokuwa bahari.

Twasema vyema kwa nguzo ile. Majina yamo. Lakini ngojeni tuonyeshe nani hakuingia, si Lowestoft wala London.

MIZANI MIWILI

London, mahali paitwapo Tower Hill, uko ukumbusho wa mabaharia wa meli za biashara na wavuvi waliokufa vitani wakakosa kaburi. Sehemu ya vita vya kwanza ilifunguliwa mwaka 1928 na ina majina karibu 12,000. Sehemu ya vita vya pili ilifunguliwa mwaka 1955 na ina majina karibu 24,000. Ukisoma mbao zile za shaba utadhani kila mtu yumo. Sivyo, na sababu yake imo katika kanuni ya Tume ya Makaburi ya Vita.

Kanuni yenyewe ni hii. Askari au baharia wa manowari aliyekufa ndani ya muda uliowekwa huandikwa, hata akiwa amekufa kwa homa kitandani au kwa kuanguka na baiskeli. Haulizwi mtu ni nini kilichomuua. Yatosha kwamba alivaa nguo za mfalme. Lakini mvuvi aliyekuwa akivua kwa bendera ya kiraia haandikwi mpaka ithibitike kwamba vita ndivyo vilivyomuua.

Fikirini maana yake. Stima mbili za Grimsby, za umri mmoja, zimeondoka bandari moja wiki moja. Moja ina bendera ya manowari, ya pili ina samaki. Zote mbili hazikurudi, na hapana aliyeona. Wale wa kwanza wameandikwa wote tangu zamani. Wale wa pili wataulizwa: mlijuaje kama lilikuwa bomu? Huenda ilikuwa dhoruba. Huenda ilikuwa mwamba. Leteni ushahidi.

Nani ataleta ushahidi huo? Mke wa mvuvi, mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba? Ramani za mabomu zilikuwa mkononi mwa serikali. Khabari za nyambizi zilikuwa mkononi mwa serikali. Amri iliyozima taa za pwani na minara, ikawaacha manahodha kukisia njia gizani, ilikuwa amri ya serikali. Hata gazeti la mji lilikatazwa kuandika chombo gani hakikurudi. Kisha mwenye kushika funguo zote akamgeukia asiye na hata moja, akamwambia, fungua mlango.

Watu wa pwani yetu hawana haja ya kuelezwa uchungu wa jambo hili. Kwetu mke hawezi kukaa eda mpaka mauti ya mumewe yathibiti. Akiwa mumewe amepotea baharini, hajulikani hai wala maiti, mwanamke yule si mke wala si kizuka; atakwenda kwa kadhi, atangoja, ataishi baina ya mlango na ua. Wenzetu wa Hull na Grimsby hawana eda, lakini kungojea ni kule kule. Karatasi isemayo "hajulikani alipo" haimtoi mtu msibani.

ALIPOUA MGENI

Watatuambia kwamba kuchunguza kifo cha wavuvi wachache katikati ya bahari ni kazi isiyowezekana. Basi na tuitazame siku moja ambayo iliwezekana.

Usiku wa tarehe 21 Oktoba 1904, majeshi ya manowari ya Urusi yalikuwa yakipita Bahari ya Kaskazini kwenda kupigana na Japani. Karibu na fungu la Dogger yalikuta stima za kuvulia za Hull zimetandaza nyavu. Warusi, kwa khofu na giza, walizidhania ni vyombo vya Wajapani vya kurusha topido, wakazipiga mizinga. Stima iitwayo Crane ilizama. Watu wawili walikufa pale pale na wa tatu alikufa baadaye kwa majeraha. Kisha manowari zile zikaendelea na safari yao, na baadhi ya hizo hizo ndizo zilizokuja kutia nanga Nosy Be, Bukini, mwisho wa mwaka ule.

Uingereza ilifanya nini? Ilinguruma. Manowari zake ziliamriwa kuwa tayari kwa vita. Mwanzoni mwa mwaka 1905 tume ya maamiri wa mataifa matano ilikaa Paris, mashahidi wakaletwa, wavuvi wakasikilizwa, dakika zikahesabiwa. Urusi ikalipa pauni 66,000. Mwaka 1906 watu wa Hull wakasimamisha sanamu ya nahodha aliyeuawa.

Watu watatu, tume ya mataifa matano. Nasi hatusemi ilikuwa kubwa kupita kiasi, maana roho moja yastahili tume. Twauliza tu: ile bidii ilikwenda wapi miaka 10 baadaye, pale wavuvi walipokufa kwa mamia? Mwaka 1904 muuaji alikuwa mgeni, na uchunguzi ulikuwa silaha ya kumwaibishia. Katika vita vikuu viwili, uchunguzi ungeliuliza pia maswali ambayo mabwana wa Idara ya Manowari hawakuyapenda: nani aliwapeleka, kwa chombo gani, na bunduki ya zamani gani, na bomu lililowaua lilitegwa na nani. Kwani Waingereza nao walitega mabomu kwa maelfu, na mabomu hayajui bendera. Mwezi wa Julai 1942, karibu na Iceland, msafara wa meli za rafiki uliingia kwa makosa ndani ya mabomu ya Waingereza wenyewe, ikazama manowari Niger na meli kadhaa za mizigo. Ikiwa msafara wenye manowari za kuulinda ulipotea njia ukaangamia namna ile, seuze stima ya samaki iliyo peke yake.

"BAHARI HAINA SHAHIDI"

Hili ndilo neno wanalolipenda. Nalo si kweli.

Shahidi wa kwanza alikuwa ni adui mwenyewe. Kila nyambizi ya Kijerumani iliandika kitabu cha safari, saa kwa saa, na topido kwa topido. Mwezi wa Aprili 1945 hifadhi nzima ya manowari ya Kijerumani ilikamatwa katika jumba la Tambach, karibu na Coburg, ikapelekwa London. Kwa hiyo tangu mwaka 1945 serikali ya Uingereza ilikuwa na khabari za muuaji katika makabati yake.

Kazi ya kuzisoma yataka subira, hilo hatukatai. Nahodha wa nyambizi aliyemwona mvuvi kwa mbali usiku hakujua jina lake. Aliandika tu, stima ya kuvulia, tani kadha wa kadha. Mahali hakupaandika kwa digrii bali kwa herufi na tarakimu za miraba ya siri. Saa aliyoifuata ilikuwa ya Ujerumani. Mchunguzi hana budi kuchukua mraba ule, augeuze kuwa mahali penye ramani, ageuze saa, kisha atafute stima gani ilikuwa njiani siku ile na haikufika. Hana budi ajue herufi za bandari zilizoandikwa ubavuni, GY za Grimsby, H ya Hull, LT za Lowestoft, kwa sababu stima mbili zaweza kuwa na jina moja. Hana budi ajue pia kwamba chombo kimoja chaweza kufa mara mbili: Bradman, Hammond na Larwood, stima za Grimsby zilizopewa majina ya wachezaji wa kriketi, zilizamishwa Norway mwaka 1940, kisha Wajerumani wakaziibua, wakazipa majina mapya na kuzitumia. Asiyelijua hilo ataandika uwongo kwa nia njema.

Ni kazi ngumu, lakini hufanyika, na ikifanyika huzaa jibu. Mwezi wa Oktoba 1942 stima ya Iceland, Jón Ólafsson, ilikuwa ikirudi nyumbani baada ya kuuza samaki Uingereza. Haikufika. Walikuwamo watu 13. Khabari yake ilitoka kwa waliomzamisha, nyambizi U-383, nayo nyambizi hiyo ilizama na watu wake wote mwaka 1943. Muuaji na aliyeuawa wote wako chini ya maji, na bado karatasi imesema.

Shahidi wa pili ni pwani. Mapema mwaka 1942 Uingereza ilipeleka stima 24 za kuvulia, zilizotiwa silaha, kusaidia kulinda pwani ya Marekani. Mojawapo ilikuwa Bedfordshire. Mwezi wa Mei mwaka ule ilipigwa topido na U-558 karibu na pwani ya North Carolina, wakafa wote 37. Hapana aliyeusikia mshindo wala kupokea simu ya upepo. Wakubwa hawakujua kama stima imepotea mpaka maiti zilipofika pwani ya kisiwa cha Ocracoke. Watu wa kisiwa kile, wavuvi kama waliokufa, walitoa ardhi, wakawazika wanne, wawili wakitambuliwa kwa majina na wawili bila ya majina, wakalizungushia kaburi ua. Kila mwaka mwezi wa Mei hufanyika ukumbusho pale. Kisiwa kidogo hakikuomba ushahidi kwanza. Kilizika, kisha kikauliza.

Shahidi wa tatu ni gofu la chombo chini ya bahari: tanuri, kengele, kibao cha aliyekiunda. Na hapa tutaje stima ya Hull iliyoitwa Gaul, ingawa yenyewe haikupotea vitani bali Februari 1974, wakati Urusi na nchi za Magharibi zikiviziana katika bahari zile za kaskazini. Walipotea watu 36. Ukaenea uvumi kwamba ilikuwa ikipeleleza. Jamaa waliomba itafutwe. Miaka ikapita zaidi ya 20 bila ya serikali kuitafuta. Mwaka 1997 waandishi wa televisheni waliikodi meli, wakaenda, wakaiona. Ndipo serikali nayo ikapata nguvu ya kupeleka wataalamu, mabaki ya baadhi ya mabaharia yakatambuliwa, na uchunguzi mpya ukamalizika mwaka 2004 kwa kusema kwamba maji yaliingia katika milango iliyokuwa wazi. Jibu lile huenda likamridhisha mtu au lisimridhishe. Lakini lilipatikana kwa sababu mtu mwingine alikwenda kwanza.

SIRI KALI

Wazee wetu walikuwa wakisema kwa mzaha kwamba serikali ni siri kali. Vita vikiwa vinaendelea, siri ina hoja, nasi hatupingi. Mwaka 1941 Waingereza waliziteka stima za kuvulia za Wajerumani, Krebs huko Lofoten, kisha München na Lauenburg zilizokuwa zikipima hali ya hewa katika bahari ya kaskazini, kwa sababu ndani yake mlikuwa na vitabu na vyombo vya kufumbulia maandishi ya siri ya adui. Siri ile kama ingelivuja, watu wengi zaidi wangelikufa. Hiyo twaielewa.

Tusilolielewa ni siri ya baada ya amani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1958 ilifunga makaratasi ya dola kwa miaka 50. Ile ya mwaka 1967 ikapunguza ikawa 30. Makaratasi mengi ya vita vya pili yakafunguliwa mwaka 1972. Mwanamke aliyefiwa mwaka 1940 naye ana umri wa miaka 30 alikuwa sasa na miaka 62, kama alikuwa hai. Wazazi wa mabaharia walikuwa wamekufa karibu wote. Siri iliyohifadhiwa mpaka mwenye haki afe si ya ulinzi tena. Ni ya kukimbia deni.

Na ilhali wakiyafungia makaratasi waliyoyataka, yale wasiyoyataka walikuwa karibu kuyaangamiza. Orodha za mabaharia, zile karatasi ambazo kila chombo huandika jina, umri na mji wa kila mtu aliyemo, ziliamuliwa zibakizwe moja katika kumi. Nyingi ya zilizosalia ziliokolewa kwa sababu chuo kikuu cha kisiwa cha Newfoundland kilikubali kuzichukua, zikavuka bahari. Orodha za wavuvi wa Hull na za Grimsby mpaka mwaka 1914 ziliokolewa katika miji yao wenyewe. Na zile za mwaka 1915, karatasi zipatazo 39,000, zilinakiliwa jina kwa jina na watu wa kujitolea, jioni baada ya kazi zao. Hao ndio waliofanya kazi ya dola.

WADOGO WALILIPA ZAIDI

Visiwa vidogo vililipa zaidi ya fungu lao. Iceland haikuwa katika vita. Waingereza waliingia wenyewe bila ya kualikwa, Mei 1940. Kisha samaki wa Iceland wakawa chakula cha Uingereza. Mwezi wa Machi 1941, katika siku chache tu, Reykjaborg ilizamishwa, wakaokoka wawili waliokaa juu ya chelezo siku kadhaa. Fróði ikapigwa mizinga, wakafa watano. Na Pétursey ikapotea na watu wake wote. Visiwa vya Faroe navyo vilikaliwa na Waingereza tangu Aprili 1940. Watu wake hawakufika hata 30,000. Walibeba samaki kutoka Iceland mpaka bandari za Uingereza kwa vyombo vikuukuu, vingine vya tanga, wakapoteza watu zaidi ya 200. Wanavisiwa wenzetu, pimeni wenyewe: kijiji kikipoteza chombo kimoja, kimepoteza wanaume wa mtaa mzima.

YATUHUSU NINI?

Yupo atakayesema, haya ni mambo ya Wazungu na bahari yao ya baridi. Tume ile ile ya Makaburi ya Vita, inayompima mvuvi wa Grimsby kwa mizani miwili, ndiyo iliyotupima na sisi. Mwezi wa Aprili 2021 ilitoa ripoti na kukiri kwamba, kwa vita vya kwanza na miaka iliyofuatia, watu baina ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, walikumbukwa bila ya usawa. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wapagazi na askari wa Afrika ya Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni mwezi ule ule.

Linganisheni na meli Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa Februari 1944 na kikosi cha wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa karibu watu 1,300. Askari wale wa kwetu majina yao yamechongwa Nairobi, kwa sababu walikuwa wameandikwa katika daftari na daftari likatunzwa. Mpagazi wa mwaka 1917 hakutunziwa daftari. Mvuvi wa Grimsby aliandikwa, lakini akaambiwa athibitishe kifo chake. Dhulma hizi si sawa kwa ukubwa, nasi hatuzisawazishi. Chanzo chake ni kimoja: anayekumbukwa ni yule ambaye dola iliona faida kumwandika.

TUNAYOYADAI

Kwanza, mzigo wa ushahidi ugeuzwe. Chombo chochote cha uvuvi kilichopotea bila ya khabari wakati wa vita, katika bahari iliyotegwa mabomu au iliyopitiwa na nyambizi, watu wake wahesabiwe wamekufa vitani mpaka serikali ithibitishe vinginevyo.

Pili, serikali iajiri na kuwalipa watu wa kulinganisha vitabu vya adui, ramani za mabomu na orodha za vyombo visivyorudi. Wapo watu wa kujitolea wanaoijua kazi hii kuliko makarani wowote. Waajiriwe hao, na wasifadhiliwe kwa cheti cha shukrani.

Tatu, mpaka wa tarehe uondolewe. Kwa vita vya pili Tume hufunga daftari mwisho wa mwaka 1947, lakini mabomu hayakusoma tangazo. Mwezi wa Aprili 2005 wavuvi watatu wa Kidachi waliuawa na bomu la vita vile lililoingia katika nyavu zao. Desemba 2020 bomu jingine lilipuka chini ya chombo cha uvuvi cha Kiingereza karibu na Cromer, likawajeruhi vibaya baadhi ya waliokuwamo. Vita vinavyoua mpaka leo haviwezi kufungiwa daftari.

Nne, asibaguliwe mtu kwa bendera wala rangi. Mfaroe, Mwaislandi na mpagazi wa kwetu wote walitumikia vita visivyokuwa vyao, na wote wana haki ya jina.

Tunajua watasema fedha hakuna. Zilikuwapo za kutwaa stima, za kuzitia mizinga, na za kupiga chapa kitabu chenye tani 71,765. Kwa watu 434 na wenzao waliofuata, na zitafutwe pale pale zilikotoka zile.

Nanyi wanachama msingoje kadhi wa London. Katika nyumba nyingi za visiwa hivi limo sanduku la babu lenye karatasi ya upagazi, kitambulisho cha baharia, au medali ambayo watoto huichezea. Isomeni karatasi ile. Andikeni jina, mji, mwaka, na chombo au kikosi, katika daftari la tawi, mbele ya watu wawili wanaomkumbuka mwenyewe au waliosimuliwa na waliomjua. Tulieni mwandike kwa uangalifu, maana jina likikosewa leo hapatakuwa na mtu wa kulisahihisha kesho. Makatibu wa matawi wayalete madaftari hayo katika mkutano ujao, yasomwe kwa sauti, kila jina peke yake.